Je, naweza kumwambia muuguzi atakase mikono kabla hajamgusa mama?

"Mama yangu amelazwa baada ya upasuaji wa tumbo, na mimi bintiye ndiye ninayemuuguza mchana. Juzi muuguzi alikuwa kitanda cha jirani akimwaga mkojo wa mgonjwa. Alipomaliza akaja moja kwa moja kwetu na glavu zilezile, akaanza kufungua bandeji ya mama. Nilitaka kusema, mama akanibana mkono: 'Nyamaza mwanangu, ukiondoka wewe mimi ndiye nitakayebaki nao.' Nikanyamaza. Tangu siku hiyo sipati usingizi. Ukutani kuna bango linalosema wagonjwa tuwe huru kuwakumbusha wahudumu kunawa mikono, lakini sijaona hata mmoja akithubutu. Je, ni kweli tuna ruhusa? Hiyo si kazi yao wenyewe? Na nikisema, nitamsaidia mama au nitamponza?"

Pole kwa kuuguza, dada, na mfikishie mama pole zangu. Nikujibu kwa ufupi kwanza ili upumue. Ruhusa mnayo. Kazi ni yao, wala haihamii kwenu kwa sababu ya bango. Na neno likisemwa mapema na kwa upole, mara nyingi husaidia. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuzuia maambukizi wodini. Tukio ulilolieleza nalijua vizuri: nimeliona kwa wengine, na liko siku nusura nilitende mwenyewe.

Lakini kabla ya yote, kidonda. Kuguswa mara moja na glavu chafu hakumaanishi kwamba mama lazima atapata maambukizi. Mwili una kinga yake, na huenda muuguzi alishika bandeji ya juu tu bila kufika kwenye mshono. Hata hivyo mwambie daktari wake leo hii kilichotokea, usingoje dalili, ili wakiangalie kidonda wenyewe. Dalili za kuogopa ni maumivu yanayozidi siku hadi siku badala ya kupungua, uvimbe, ngozi ya kando ya mshono kuwa ya moto, usaha au majimaji yenye harufu, mshono kuachia, au homa na kutetemeka. Watu huambiwa waangalie wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo joto na uvimbe vinasema zaidi. Maambukizi ya kidonda cha upasuaji yanaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baadaye, mama akiwa ameshatoka hospitali, kwa hiyo endelea kuwa macho hata mkirudi nyumbani.

Sasa nikueleze kilichopita kati ya vitanda vile viwili, maana ukielewa hilo utajua pia useme nini na wakati gani. Mikononi mwetu kuna vijidudu vya aina mbili. Wapo wakazi, wanaoishi ndani ya ngozi, na kwa kawaida hawana ubaya na mtu. Wapo pia wapita njia, tunaowaokota kila tunapogusa: ngozi ya mgonjwa, mfuko wa mkojo, chuma cha kitanda, pazia, simu. Hao wapita njia ndio wanaosafiri kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine. Wanaweza kubaki hai mikononi dakika nyingi, wakati mwingine saa. Jema lao ni moja: wanaondoka kwa urahisi. Ukisugua mikono kwa kitakasa mikono chenye kileo sekunde 20 hadi 30, au ukinawa kwa sabuni na maji sekunde 40 hadi 60 pamoja na kukausha, wengi wao wanakwisha.

Glavu ndizo zinazowadanganya watu wengi, na hapo ndipo muuguzi wenu alipokosea. Glavu zinamkinga anayezivaa. Upande wa nje unaokota vijidudu vilevile kama ngozi, na baya zaidi ni kwamba aliyezivaa hahisi majimaji wala uchafu, kwa hiyo anajiona msafi. Mtu aliyemwaga mkojo anatakiwa avue glavu palepale, atakase mikono, kisha aende kwa mgonjwa mwingine, na kama anagusa kidonda avae glavu mpya zinazofaa kazi hiyo. Kutakasa baada ya kuvua si hiari, maana glavu huwa na vitundu visivyoonekana na mikono huchafuka wakati wa kuzivua.

Shirika la Afya Duniani, WHO, limezitaja nyakati 5 ambazo mhudumu lazima atakase mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu kama kufunga kidonda au kuweka dripu, baada ya hatari ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka mgonjwa. Kutoka kitanda cha jirani hadi bandeji ya mama, muuguzi yule alizipita karibu zote kwa hatua chache. Kwa hiyo jicho lako halikukosea hata kidogo.

Liko jambo moja hapo ningependa ulijue usije ukamlaumu mtu bure. Mhudumu akipaka kitakasa mikono badala ya kwenda kwenye sinki, hajakwepa kazi. Mikono isipokuwa na uchafu unaoonekana, kileo kinaua vijidudu haraka kuliko sabuni na hakiichoshi ngozi kama sabuni. Sabuni na maji vinatakiwa mikono ikiwa na damu, mkojo au uchafu mwingine wa kuonekana, na pale mgonjwa anapoharisha kwa sababu ya bakteria aitwaye Clostridioides difficile, ambaye mbegu zake hazifi kwa kileo.

Wengi wakiona kosa kama lile husema: hawa hawajali, au hawakufundishwa. Walifundishwa. Muulize muuguzi yeyote nyakati 5, atakutajia. Hata hivyo, miongozo ya WHO ya mwaka 2009 ilipokusanya matokeo ya hospitali nyingi, ilikuta kwamba pasipo juhudi maalumu wahudumu hutakasa mikono kama mara 40 tu katika kila mara 100 wanazopaswa. Madaktari kwa kawaida hufanya vibaya kuliko wauguzi. Na kazi inapozidi, mikono hutakaswa mara chache zaidi. Katika wodi ya wagonjwa mahututi, muuguzi anaweza kupaswa kutakasa mikono zaidi ya mara 20 kwa saa moja.

Sababu nyingine huwa haisemwi sana, nami naiona ndiyo nzito. Ukishika moto unaungua papo hapo, na siku nyingine hurudii. Muuguzi aliyesahau kutakasa mikono haoni chochote. Kijidudu hakionekani, mgonjwa halalamiki, na usaha ukitokea siku ya nne yeye yuko mapumziko na kidonda kinafungwa na mtu mwingine. Kosa na madhara yake havikutani mbele ya macho yake hata siku moja. Ndiyo maana mafunzo peke yake hayatoshi, na ndiyo maana neno dogo linalosemwa wakati uleule, mkono ukiwa bado haujafika kwenye bandeji, lina nguvu ambayo semina haina.

Wagonjwa, kwa upande wao, wamekuwa wakiona mambo haya tangu zamani. Katika hospitali kuu ya Vienna, Austria, miaka ya 1840, kulikuwa na wodi mbili za kujifungulia. Moja walihudumia madaktari na wanafunzi wao, nyingine wakunga. Mwaka 1846 katika wodi ya madaktari walikufa wanawake zaidi ya 11 katika kila 100, na katika wodi ya wakunga hawakufika 3. Wanawake wa mji ule walijua. Walikuwa wakipiga magoti na kulia wasipelekwe wodi ya kwanza. Daktari Ignaz Semmelweis, aliyeandika habari hizo, ndiye aliyegundua kwamba madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kwa wazazi. Mei 1847 akaamuru kila mtu aoshe mikono kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili walikuwa wamekufa kama 18 katika 100. Mwezi Juni walikufa kama 2. Wale wanawake hawakujua sababu, lakini walijua wapi kuna hatari, muda mrefu kabla ya maprofesa kukubali. Kila ninapomsikia mhudumu akisema "mgonjwa anajua nini?" huwakumbuka wao.

Je, kumkumbusha mhudumu kunasaidia kweli? Miaka ya 1990 mtafiti Maryanne McGuckin wa Marekani alianza mpango wa kuwafundisha wagonjwa wawaulize wahudumu kama wamenawa. Matumizi ya sabuni katika hospitali zilizojaribu yalipanda kwa asilimia 34, na mpango huohuo ulipofanyiwa majaribio Oxford, Uingereza, yalipanda kwa takriban nusu. Lakini sikiliza na hili: kule Oxford wagonjwa wote waliouliza waliwauliza wauguzi, na karibu theluthi moja tu ndio waliowauliza madaktari. Woga wa mama yako una wenzake wengi.

Utafiti ulionigusa zaidi ulifanyika katika hospitali ya chuo kikuu ya Geneva, Uswisi, ukachapishwa mwaka 2009. Wagonjwa wapatao robo tatu walisema wangeona vigumu kumwomba mhudumu atakase mikono. Lakini walipoulizwa, je, kama mhudumu mwenyewe amekukaribisha umkumbushe? Waliosema wangemuuliza daktari walipanda kutoka asilimia 30 hadi 78. Hakikuongezeka kitu chochote kingine, ni kukaribishwa tu na yule mwenye kauli wodini. Hapo ndipo bango lenu linaposhindwa. Bango linamwambia mgonjwa awe huru, lakini bango halimfungi kidonda wala halimpi dawa ya maumivu usiku. Mama anatazama uso wa anayemhudumia, na uso ule haujamwambia kitu.

Na nisikutie moyo kupita kiasi. Tafiti hizi si nyingi, baadhi ni ndogo, na nyingi zimepima sabuni iliyotumika au nia ya wagonjwa, si maambukizi yaliyopungua. Hospitali zilizofanikiwa sana hazikutegemea midomo ya wagonjwa. Katika hospitali hiyohiyo ya Geneva, Didier Pittet na wenzake waliweka kitakasa mikono kando ya kila kitanda, wakawapima wahudumu na kuwarudishia matokeo, na uongozi ukashikilia jambo lenyewe. Utakasaji ulipanda kutoka asilimia 48 mwaka 1994 hadi 66 mwaka 1997, na wagonjwa wenye maambukizi ya hospitalini wakapungua kutoka karibu 17 hadi 10 katika kila 100. Kwa hiyo ukiniuliza kama si kazi yao, nakujibu wazi: ni yao. Ni ya mhudumu, ya msimamizi wa wodi, na ya anayenunua vitakasa mikono. Walio hatarini zaidi ni mtoto njiti, mgonjwa aliyezimia, mzee aliyechanganyikiwa kwa homa, na hao hawawezi kumkumbusha mtu. Hospitali inayotegemea mgonjwa aseme imewaacha hao. Na kama mama atapata maambukizi, Mungu apishe mbali, usijibebeshe lawama kwamba ni kwa sababu ulinyamaza.

Sasa nikusimulie siku yangu mwenyewe. Nilikuwa nakwenda kumfunga kidonda mzee mmoja, trei mkononi, nimechelewa. Nilikuwa nimetakasa mikono mlangoni. Nikavuta pazia, simu ikaita mfukoni nikaizima, nikanyoosha mkono kuvuta bandeji. Mzee akaweka kiganja chake juu ya kidonda, akasema, "Sista, mikono." Damu ilinipanda usoni. Neno lilikuwa tayari ulimini: nimeshatakasa! Kisha nikalitazama pazia, nikaikumbuka simu. Nikaiweka trei chini, nikatakasa upya mbele yake, nikamshukuru. Asubuhi ya pili aliniambia hakulala, alikesha akifikiri nitamwekea kinyongo. Mimi nilikuwa nimeshasahau, yeye alikuwa amekesha. Tangu hapo kila nikifika kitandani natakasa mikono mahali mgonjwa anaponiona, nasema, "Nimetakasa. Ukiona nimesahau, nikumbushe, nitakushukuru." Inachukua pumzi moja. Wenzangu mnaosoma hapa, nawaomba mwambieni mgonjwa maneno hayo siku anapolazwa, na madaktari muwe wa kwanza, maana ninyi ndio mnaoogopwa zaidi.

Kwa kuwa huko kwenu hakuna aliyekukaribisha, omba ukaribishwe. Zamu ikibadilika, kabla kazi haijachanganya, msalimie muuguzi, umwambie: "Sista, mama ana wasiwasi mkubwa wa kidonda chake kuingia vijidudu. Ukiwa na kazi nyingi ukapitiwa, utaniruhusu nikukumbushe mikono?" Sijaona wengi wanaoweza kujibu hapana. Akishasema ndiyo, neno lako la baadaye si tena kosa la adabu, ni jambo mlilopatana. Daktari mwambie vivyo hivyo anapopita raundi, ukiweza mbele ya wenzake.

Wakati wenyewe ukifika, sema kabla mkono haujagusa, kwa sauti ya chini, na kwa ombi. "Umenawa?" ni swali la kumhoji mtu, na mbele ya wodi nzima linamweka kizimbani. "Samahani dokta, sikuona, naomba utakase mikono kidogo kabla hujamgusa mama" linampa nafasi ya kutenda bila kujitetea, hata kama alikwisha kutakasa nje. Kuhusu glavu sema, "Samahani sista, naomba ubadilishe glavu kwanza, hizo zimetoka kitanda kile." Kama ulimi unakuwa mzito, chukua chupa ya kitakasa mikono iliyo kando ya kitanda umkaribishe kwa mkono, huku wewe ukianza kupaka yako. Nimeona wagonjwa wasioweza kutamka neno wakifanya hivyo, na kila mtu akaelewa. Ni wakati mmoja tu ninaokuomba usimsimamishe mtu: pale mgonjwa anapobanwa pumzi au kuvuja damu na wahudumu wanakimbilia kuokoa maisha.

Siwezi kukuapia kwamba hakuna atakayenuna. Wapo. Akikujibu vibaya usibishane naye juu ya kitanda cha mama. Andika siku, saa na kilichofanyika, kisha mwone msimamizi wa wodi pembeni. Hospitali nyingi pia zina mtu au kamati ya kuzuia maambukizi na dawati la malalamiko ya wagonjwa, na habari yenye saa na tendo husikilizwa kuliko "wauguzi wenu ni wachafu". Kumpiga picha mtu na kuisambaza sikushauri: wodi nzima itajifunga, na wagonjwa wengine wataonekana bila ridhaa yao.

Halafu kuna mama mwenyewe. Mwili ni wake na hofu ni yake, na kweli yeye ndiye anayebaki usiku. Muulize anataka nini. Pengine atakuomba uzungumze na msimamizi bila kumtaja, au usubiri siku nesi fulani anayemwamini yuko zamu. Njia hizo ni za polepole lakini ni halali, na zinampa nafasi ya kuamua katika wiki ambayo karibu kila kitu wanamwamulia wengine.

Mikono yako na ya mama nayo isisahauliwe. Takasa unapoingia wodini na unapotoka, kabla ya kumlisha, na kila ukigusa mfuko wa mkojo au beseni. Msaidie naye kunawa kabla ya kula na baada ya haja. Aliyelala kitandani mara nyingi hapewi maji hayo mpaka mtu amkumbuke. Usikae kwenye kitanda cha jirani, na bandeji usiifungue wala kuinyanyua uchungulie.

Kesho wakifungua bandeji, omba kwa upole uoneshwe mshono, umuulize muuguzi anauonaje ukilinganisha na jana. Mama akipata homa kabla ya hapo, au maumivu yakizidi, usingoje saa ya bandeji wala raundi ya asubuhi: mwite muuguzi wa zamu saa hiyohiyo, na asipofika, nenda kwa msimamizi umwombe daktari aje amwone.